Sanduku la Jasho Kituoni Kwetu

Jumatatu, 3 Februari 2025

Sanduku limefika. Limeletwa na lori kutoka Nyeri, limefungwa nailoni kila upande. Watu sita walilibeba. Mimi nilisimamia.

Ni la mbao, ukubwa wa kabati la nguo, mlango wa kioo, ndani benchi la watu wawili. Ukiwasha stima, taa nyekundu zinawaka ukutani na joto linakuingia mwilini bila moto wowote. Ati linaitwa sauna. Ati ni zawadi ya wazima moto wa ng'ambo. Zawadi! Miaka ishirini na miwili nimeendesha gari la zimamoto la kituo hiki, na hakuna mtu wa ng'ambo aliyewahi kunitumia hata soksi. Leo wanatutumia joto?

Kamanda Warigia alitupanga mstari akaeleza. Kuanzia sasa, mtu akitoka kwenye moto anavua jaketi uani, anaoga kwa sabuni, halafu anaketi sandukuni dakika ishirini atoe jasho, halafu anakunywa maji mengi. Majaketi yanafuliwa hapa hapa, hakuna kupeleka nyumbani. Ati masizi yasitukae mwilini. Mwisho, kila mtu anatia sahihi kwenye rejista.

Rejista! Hapo ndipo nilipoamka. Jasho langu linaandikwa la nini? Nina miaka hamsini na sita. Najua wanachotafuta: sababu ya kunistaafisha.

Tena mwenzangu Mwai alikuwa anasoma kitabu cha maelekezo. Mwai! Mtu ambaye hasomi hata kibao cha mbwa mkali. Kuna jambo.

Jumanne, 4 Februari

Mpango. Ukitaka kujua siri ya chumba, shika ufunguo wake. Nilimwendea Warigia mapema, nikamwambia chombo kama kile kinahitaji mtu mzima wa kukilinda, mtu aliyetulia, ikiwezekana dereva. Akasema ni wazo zuri sana. Akampa Mwai ufunguo.

Mwai na mimi tuliajiriwa wiki moja. Yeye pia ana leseni ya magari makubwa. Kila siku anaangalia usukani wangu kama mtu anayeangalia sahani ya jirani.

Watiri ndiye mdogo wetu, anatoka Kutus, ana miaka ishirini na sita na hajui kuogopa. Aliingia sandukuni kujaribu. Akatoka amelowa, anacheka, akatuambia kwamba tangu utotoni anaogopa mbwa. Hakuna aliyemuuliza! Akafuata Mwai. Akatoka akakiri kwamba ndiye aliyekula mukimo wangu siku ya Krismasi. Mimi nilikuwa nimelaumu paka.

Nimeelewa. Lile sanduku linafungua watu midomo. Unaketi, unapashwa joto, unasema yote. Mimi nina mambo. Mwaka 2021 nilirudisha gari nyuma nikagonga nguzo ya lango la kituo. Niliandika kwamba ni ng'ombe.

Siingii mle ndani.

Jumatano, 5 Februari

Moto! Duka la magodoro pale sokoni. Moshi mweusi mzito, ule unaokaba koo hata ukiwa mbali. Nilifika kwa dakika saba, nikaweka gari mahali pazuri, nikaendesha pampu saa mbili bila kukosea. Hilo hata Mwai hawezi kukana. Watiri alimtoa mwenye duka kupitia dirisha la nyuma. Hakuna aliyekufa.

Tukarudi. Wote wakavua, wakaoga, wakaingia sandukuni wawili wawili. Zamu yangu ikafika. Nikasema naanza na choo. Chooni nikajimwagia maji ya bomba kichwani na kifuani, nikakimbia ngazi mara mbili, nikarudi nahema. Nikatia sahihi: Ngatia, dakika ishirini.

Warigia alinitazama shingo. Nilipofika kwenye kioo niliona ni nyeusi kama sufuria. Aliandika kitu. Aliandika nini?

Jaketi langu sikulitoa lifuliwe. Lina miaka sita ya moshi ndani yake, linasimama lenyewe bila mtu. Mzima moto bila harufu ni karani tu. Nililitia kwenye gunia la mahindi nikaenda nalo nyumbani.

Alhamisi, 6 Februari

Nimelichunguza sanduku Mwai akiwa kwenye chakula. Juu kwenye dari lake kuna tundu dogo lenye wavu. Kamera! Nikalijaza unga wa chapati.

Saa tisa Mwai akalalamika kwamba redio ya sandukuni haitoi sauti. Hiyo ndiyo hadithi waliyokubaliana.

Ijumaa, 7 Februari

Alikuja muuguzi, Mukami, kutuelimisha. Mama mpole, sauti ya chini. Wapole ndio wabaya.

Akasema moshi wa magodoro na plastiki una sumu zinazoshika ngozi na nguo. Kitu cha kwanza ni kuvua na kuoga, haraka. Kuhusu sanduku alisema wazi kwamba bado wataalamu wanalichunguza, hakuna mwenye hakika linasaidia kiasi gani, na haliwezi kuchukua nafasi ya sabuni.

Nikainua mkono. Nikauliza, kama hawana hakika, rejista ni ya nini? Nilijua nimemkamata. Watu wote waligeuka.

Akajibu kwamba rejista haihesabu jasho. Inaandika nani alikuwa kwenye moto gani na alivuta moshi gani. Ili mtu akiugua baada ya miaka kumi, aweze kuonyesha kwamba ugonjwa aliupata kazini.

Wote tulimfikiria Gikunda. Alikuwa dereva kabla yangu, ndiye aliyenifundisha pampu, kisha akabaki kwenye mpira wa maji. Alikufa mwaka juzi, kifua kimemkausha akabaki mifupa. Familia yake ilizunguka ofisi miezi minane, na hapakuwa na karatasi hata moja iliyoonyesha kwamba Gikunda aliwahi kusimama karibu na moto.

Mukami amejibu haraka mno. Ni kama alijua nitauliza.

Jumamosi, 8 Februari

Siku mbaya.

Nilikuwa nimeliweka jaketi juu ya kochi, ndani ya gunia lake. Nikaenda kukamua ng'ombe. Mjukuu wangu Wendy, ana miaka minne, alilitoa, akalivaa, akajifunika nalo kichwa hadi miguu, akalala mle ndani. Mke wangu Kagure alipomtoa, mtoto alikuwa na masizi hadi puani. Macho yamevimba, mashavu yana vipele, anakohoa kikohozi kikavu cha mtu mzima.

Tulimkimbiza zahanati. Daktari akauliza mtoto ameshika nini. Nikasema makaa.

Kagure akanigeukia. "Baba Murugi, sema tena."

Nikasema huenda ni makaa.

"Daktari, ni jaketi la huyu mzee. La kazini. Linanuka hata ng'ombe wanaliogopa."

Wakamwosha mtoto, wakamsafisha macho, wakamwekea dawa ya kupumua kwenye kile kibakuli cha plastiki usoni. Wendy alinishika kidole wakati wote. Akaniuliza kama yeye sasa ni mzima moto.

Chai yangu imepoa hapa mezani. Kagure ameiweka na kuondoka bila neno. Jaketi liko nje, juu ya ua.

Jumapili, 9 Februari

Wendy amekula uji vikombe viwili. Vipele vinapungua. Mungu ni mwema. Kagure bado haongei nami, isipokuwa kupitia kwa mtoto. Ati mwambie babu yako atoe ile takataka kwangu.

Nitaitoa. Lakini nikilipeleka lifuliwe mbele ya watu, Warigia atauliza lilikuwa wapi tangu Jumatano. Lazima lisafike bila mtu kujua.

Nimepata! Sanduku linatoa sumu mwilini. Jaketi nalo ni mwili wa aina yake.

Jumatatu, 10 Februari

Naandika yote kama yalivyotokea.

Nilifika saa kumi na mbili asubuhi. Mwai alikuwa jikoni na chai yake, ufunguo kwenye msumari. Nikaingia, nikalitundika jaketi sandukuni, nikawasha joto la mwisho. Nikavua pia mimi, nikafunga taulo, nikaketi kando yake. Nilifikiri, kwa nini tusisafike wote pamoja?

Dakika tano, sawa. Dakika kumi, jaketi likaamka. Miaka sita ya moshi ikatoka kwa pamoja: magodoro, matairi, ile stoo ya mbolea ya 2022. Macho yakajifumba yenyewe. Nikatafuta mpini wa mlango, nikashika mkono wa jaketi. Harufu ikapita chini ya mlango hadi kwenye meza ya simu, na Watiri, ambaye ana pua nzuri, akapiga kengele ya moto.

Wote wakaja. Kofia, mpira wa maji, shoka. Niliona kivuli cha Mwai kwenye kioo.

"Kuna mtu ndani!" akapiga kelele. "Maji! Leteni maji!"

"Mwai, usifungue maji! Ni mimi!"

Alifungua. Mlango ukafunguka na maji yakanisukuma hadi ukutani, taulo likaenda zake. Sijui ni joto, ni maji au ni aibu, lakini mdomo ulifunguka nikasema yote. Lango. Ng'ombe ambaye hakuwepo. Maji ya bomba. Unga wa chapati. Mwisho, Wendy. Mwai akavua jaketi lake akanifunika, akasimama mbele yangu ili wengine wasione.

Warigia aliniita ofisini nikiwa nimekauka. Nilitarajia barua. Akasema lango alilijua siku ile ile, kwa sababu ng'ombe hana rangi nyekundu ya gari kwenye pembe. Kisha akafungua rejista ukurasa mpya.

"Keti, Mzee Ngatia. Anza na moto wako wa kwanza."

Tulikaa hadi saa saba. Miaka ishirini na miwili. Soko, kiwanda cha mbao, lori la mafuta kwenye barabara ya Karatina. Nilikumbuka mingi kuliko nilivyodhani, na katika mingi Gikunda alikuwa kando yangu. Warigia alimwandikia ukurasa wake. Akasema yeye mwenyewe ataupeleka kwa mjane wa Gikunda, na mimi nitaweka sahihi ya shahidi. Niliweka. Kalamu ilikuwa nzito.

Adhabu: kufua majaketi yote mwezi mzima. La kwangu mara tatu.

Ijumaa, 14 Februari

Nimekuwa mtu mpya. Naoga. Naketi sandukuni. Maji nakunywa mpaka tumbo linalia. Kagure anaongea nami tena, na Wendy hakohoi. Sina shaka na mtu yeyote kabisa.

Leo Mukami amerudi na chombo kingine. Kidogo, cheupe, kina bomba. Unapuliza, kinaandika nguvu ya mapafu yako. Ati ni kwa faida yetu. Kwa nini kiwe kidogo hivyo? Kitu chema hakihitaji kujificha. Nikamvuta Watiri pembeni, nikamwomba apulize mara mbili, mara ya pili kwa jina langu. Alikataa. Nikamwambia mzee wa kituo anaomba. Akapuliza.

Jumatatu, 17 Februari

Majibu yametoka. Mukami amesema hajawahi kuona mapafu kama yangu. Mapafu ya kijana! Kituo kizima kilipiga makofi. Watiri alikuwa anaangalia viatu vyake.

Msitu unawaka upande wa juu wa mlima tangu jana, mahali gari haliwezi kufika. Warigia anahitaji watu wenye pumzi wapande kwa miguu, tanki la lita ishirini mgongoni, siku nne. Amenichagua wa kwanza. Mwai anabaki na gari.

Nilijua tangu mwanzo. Kile kibomba kililetwa kwa ajili hiyo.