Sinia la Watu Watatu

Leo Jumamosi, saa saba mchana, pale Mwabungo, nimepoteza heshima yangu. Haikuibiwa. Nimeila mwenyewe, pamoja na wali wa nazi na samaki watatu.

Nimeumbuka, wenzangu. Nawaandikia hapa kwenye kundi kabla hamjaisikia kwa wengine, maana wakwe zangu wana simu na wana ndimi.

Mnajua binti yangu Kadzo ameolewa Mwabungo. Jumanne alijifungua mtoto wa kike, na leo nimekwenda kumwona. Nilikuwa pia na neno moja la kuomba: mtoto apewe jina la marehemu mke wangu, Mejumaa. Ni miezi minane sasa tangu tumzike, na humu nyumbani jina hilo halijaitwa na mtu akaitika. Sikuwa na haki ya kuomba. Kwetu huku Kinango, na kwao vilevile, mtoto wa kwanza huchukua jina la upande wa baba. Kwa hiyo nilijua nitaomba kwa upole na kwa adabu, nisikosee hata kidogo. (Subirini.)

Nimefika nimepokewa vizuri sana. Mzee Athmani, baba mkwe wa Kadzo, alinishika mkono kwa mikono yote miwili. Mwanawe Hamisi, ndiye mume wa Kadzo, alinipa shikamoo mara mbili, mlangoni na tena nilipokaa. Nikakaa sebuleni juu ya mkeka. Kadzo yuko chumba cha ndani, mzazi hatoki, lakini sauti yake nilikuwa naisikia nyuma ya pazia. Nilifurahi sana.

Ikaadhiniwa. Mzee Athmani akaniambia, "Mkwe, tunakwenda msikitini, hatukawii." Mimi si mwenzao wa kuswali, nikabaki.

Hawajafika mbali, akaja Mwanakombo, dada yake Hamisi, na birika na beseni. Nikanawa. Kisha akaleta sinia limefunikwa kawa, akaliweka mbele yangu, akalifunua. "Karibu chakula, baba. Usione haya." Akaingia ndani.

Sasa sikilizeni. Kwetu kila mtu na sahani yake. Mke wangu alikuwa akisonga sima, anampakulia kila mmoja, na kitoweo bakuli lake. Mgeni alikuwa akipata sahani kubwa kuliko wote. Na ukiwekewa umalize. Kwetu mvua ni ya kubahatisha, chakula hupimwa, kwa hiyo ukibakisha umemwambia mpishi kwamba hajui kupika, au kwamba unamshuku. Ndivyo nilivyolelewa, na ndivyo Mejumaa alivyonizoeza kwa miaka thelathini.

Nikalitazama lile sinia. Wali umepanda kama kichuguu. Tafi watatu wa kukaanga wamelala juu yake. Pembeni bilauri tatu za sharubati ya ukwaju.

Nikasema moyoni, watu hawa wananiheshimu kupita kiasi.

(Bilauri tatu. Mwenye akili angejiuliza. Mimi nilidhani ni mambo ya pwani.)

Nikaanza. Nitasema kweli, samaki wa kwanza nilimla kwa raha ambayo nilikuwa nimeisahau. Tangu niwe peke yangu nasonga sima kidogo, nakula nimesimama pale jikoni, nyingine nampa mbwa. Leo nazi ilikuwa nzito, samaki amekauka vizuri, na mtu mwingine ndiye aliyepika. Nikala upande wangu wote wa sinia. Nikaingia upande wa pili.

Samaki wa pili alinitoa jasho.

Nikafungua mkanda tundu moja. Nikanywa ukwaju. Nikainuka, nikazunguka sebule, nikasimama dirishani kama mtu anayetazama minazi, nikarudi. Wali ulikuwa palepale, kana kwamba umeongezeka. Nikafungua tundu la pili. Samaki wa tatu nilimtazama, naye akanitazama. Nilifikiri kumtia mfukoni (suruali ni ile ya kanisani, nikaionea huruma). Nikajiambia: umekuja kuomba jina. Ukibakisha chakula cha watu, utaomba kwa mdomo gani?

Nikamla. Nikala na kichwa. Nikakwangua wali wa pembeni kwa vidole. Bilauri ya tatu niliimaliza nimefumba macho. Kisha, kwa adabu, nikakusanya miiba katikati ya sinia, nikafunika kawa vizuri, nikarudi kuegemea ukuta nikipumua kwa juu juu.

Wakarudi. Kumbe walisimamishwa njiani na mtu mwenye shida zake.

"Samahani sana mkwe," akasema Mzee Athmani, "tumekuweka na njaa."

"Mimi nimeshakula," nikamwambia. Na hiyo ni kweli tupu.

"Umekula nini? Wewe umeonja tu, nakujua kwa haya zako. Sogea."

Wakanawa, wakakaa, Hamisi kulia, mzee kushoto, mimi katikati. Wakakunja mikono ya kanzu. Mzee akasema, "Bismillahi," akainua kawa.



Mzee Athmani akaigeuza ile kawa akatazama ndani yake, kana kwamba wali umenasa juu. Hamisi akatazama mkeka. Mimi nikatazama miguu yangu.

"Mwanakombo," mzee akaita taratibu. "Chakula kiko wapi?"

"Nimekiweka hapo, baba."

"Hapa pana miiba."

Pazia likasogea, uso wa Mwanakombo ukatokea. Akaona sinia, akaniona mimi, akaona mkanda wangu. "Lakini mimi nilimwambia karibu," akasema. "Sikumwambia maliza."

"Nyamaza, huyo ni mkwe," ikasema sauti ya mama yake, Bi Mwanaisha, huko ndani. Halafu yeye mwenyewe akashindwa, nikasikia kicheko kimezibwa kwa leso.

Nikaona bora niseme yote. "Mkwe, nisamehe. Kwetu kila mtu hupewa sahani yake, na ukiwekewa unamaliza. Nilidhani hii ni yangu."

"Baba," Hamisi akasema kwa heshima kubwa, "hili ni sinia la watu watatu."

"Nililiona ni kubwa," nikasema. "Nikaona mmenithamini."

Hapo Kadzo akasikika kutoka chumbani. "Nani amekula?"

"Baba yako," akajibu Mwanakombo.

"Amekula kiasi gani?"

"Chote."

"Baba yangu mimi? Huyo asiyemaliza kikombe cha uji?"

"Na kichwa cha samaki, dada."

Kadzo akacheka. Akacheka mpaka Bi Mwanaisha akamkemea kwamba ataumia, mzazi hachezewi. Kisha nikamsikia anavuta kamasi, anasema, "Mama, miezi minane huyu hali. Nimemlilia kila siku huyu." Wenzangu, sikujua kama mtoto huyu anajua. Nilikuwa nikimwambia kwenye simu kwamba nakula vizuri.

Nilidhani yameisha. Hayajaisha. Likaja sinia lingine, la akina mama, chakula chao wenyewe, na wao wakabandika mihogo. Nikataka kutoka nje niwapishe. Mzee Athmani akanishika mkono. "Wapi? Haiwezekani tule na mgeni anatutazama. Tia mkono, hata tonge moja."

"Mkwe, sina mahali."

"Tonge moja halihitaji mahali."

Nikala. Kwao mgeni asipotia mkono sinia halina baraka. Kila nikitaka kuutoa mkono, Hamisi ananisogezea mnofu mbele yangu. Nilikula matonge manne, naapa, na moja lao lilisimama kooni kama limepanga foleni.

Wakamaliza. Wakanawa. Ikawa sasa au basi.

"Mkwe," nikaanza, "nina neno." Kwikwi ikanishika.

"Sema."

"Ni kuhusu mtoto." Kwikwi. "Marehemu mwenzangu..." Kwikwi kubwa, ile ya kuinua mabega. Bi Mwanaisha akapitisha kikombe cha maji chini ya pazia. Nikakitazama nikakiogopa. Nikasema hivyo hivyo, vipande vipande, mpaka nikafika: naomba aitwe Mejumaa.

Mzee Athmani hakucheka. Aliinamisha kichwa. "Mkwe, jina tumeshalikata," akasema. "Ni la mama yangu. Siku ya saba ni Jumatatu, watu wameshaambiwa."

Nikasema nimeelewa. Ni haki yake. Nikatafuta viatu vyangu kwa macho.

"Athmani," ikasema sauti nyuma ya pazia. Ni Bi Mwanaisha. "Mwenzio amekula tonge lako. Amekula la mwanao. Ameingia na kwenye letu. Unafikiri kajina kamoja kadogo ndiko katakakomshinda?"

Hamisi ndiye aliyeanza. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mzee akajikaza, akajikaza, mabega yakamsaliti. Wakacheka wote, na mimi nikacheka kwa kwikwi, na kucheka na kwikwi kwa tumbo lile simtakii hata adui.

Alipopata pumzi akafuta macho. "Haya. Kwenye cheti ni la mama yangu. Hapa nyumbani ataitwa Mejumaa. Na Jumatatu uje, mkwe, lakini tutakupakulia peke yako, tena mapema."

Bi Mwanaisha akamleta mtoto. Sikuwa na pa kumpakata, tumbo limechukua nafasi yote, ikabidi nimwinue kifuani. Kadzo akaita kutoka ndani, "Mejumaa, umemwona babu?" Nikataka kuitika kwa niaba yake. Ikatoka kwikwi, mtoto akashtuka akalia. Nami nikalia kidogo, sitaficha.

Anayetaka kucheka acheke, lakini asinipigie simu usiku huu, kuinuka ni kazi.

Wakati wa kuondoka Mwanakombo alinipa mahamri manne yamefungwa kwenye karatasi. "Haya ni yako peke yako, baba," akasema, macho chini, mdomo umebana kicheko. Nikamwambia asante, nikaapa moyoni sitatia kitu mdomoni mpaka Jumatatu.

Nimeyamaliza njiani, kabla ya kufika Kombani.