Wazee Saba wa Njia ya Mabira

Jumatatu, 8 Julai 1912. Nyakatuntu, Karagwe.
Barua ya binamu Ramadhani imefika kutoka Dar es Salaam. Inanuka samaki, maana wapagazi wameileta pamoja na dagaa wa Bukoba. Ramadhani kazi yake ni kuosha motakaa ya Mjerumani mmoja, na huandika kana kwamba motakaa ni yake. Ila safari hii barua ina faida. Anasema Ulaya watu hushindana mbio kwa motakaa, na mbio hizo zina maneno yake maalumu. Nayanakili humu.

Nafasi ya mbele: pale anaposimama wa kwanza kabla ya kuanza. Aliyeipata ana nusu ya ushindi.

Kivuli cha upepo: kumfuata mwenzio karibu kabisa, yeye apigwe na upepo, wewe uteleze nyuma yake bure.

Bendera ya miraba: nyeusi na nyeupe, hupeperushwa mshindi anapofika.

Shimo: handaki kando ya njia. Motakaa husimama hapo, watu huipa maji, mafuta na magurudumu, kisha inaendelea.

Hili la mwisho nimelifuta. Anayesimama atashindaje? Ramadhani amechanganya mambo, kama kawaida yake.

Nafasi ya mbele ndiyo hasa ninayoitaka. Zubeiri, mfanyabiashara mwenzangu, anayo hapa sokoni. Wapagazi wa kahawa wakishuka kutoka Mabira hutua mizigo mlangoni pake, na kabla hawajafika kwangu wameshanunua kwake chumvi na shuka. Mimi niko nyuma, jirani na wachinja mbuzi. Mteja akikunjua vitambaa vyangu vya merikani, nzi wanatoka. Miaka minne! Rukaya, mke wangu, anasema hata kanzu yangu ya Ijumaa ina harufu ya supu. Roho inaniuma, sifichi.

Wenye baiskeli Nyakatuntu nzima ni wawili tu: mimi na Zubeiri. Mungu hafanyi jambo bila sababu.

Jumanne, 9 Julai.
Zubeiri amekubali tushindane kwa baiskeli. Jumamosi, kutoka Mabira hadi sokoni. Nikishinda tunabadilishana vibanda. Nikishindwa anachukua baiskeli yangu.

Rukaya kaniuliza kama hiyo si kamari. Nikamwambia ni mapatano. Akasema kamari nayo huanza kwa mapatano, akaenda kumenya ndizi.

Zubeiri hajali. Ni mnene, mpole, wazee wake ni wa Pangani kama wangu. Ana ila moja: hawezi kumpita mtu bila kumsalimu. Akikuta mzee atauliza mgonjwa anaendeleaje, ng'ombe amezaa, mjukuu ameota meno. Wanyambo, wenyeji wa hapa, wanampenda kwa hilo. Usiku huu sitalala kwa furaha, kwa sababu hapo hapo ndipo nilipopata mpango.

Jumatano, 10 Julai.
Nimeitembea njia yote ya Mabira kwa miguu, na mfuko wa chumvi begani. Nimechagua wazee saba, wote wenye miji yao ya ukoo kando ya njia, wote wasemaji. Kila mmoja nimempa konzi ya chumvi, nikamwomba Jumamosi akae nje na Zubeiri akipita amsimamishe. Ampokee kama mkwe. Salamu zote, kiti, maji, buni za kahawa za kutafuna. Asiachwe aondoke hivi hivi.

Mzee Kahigi, anayekaa chini ya mlima, alinitazama sana. Akasema mtu akipita kwake atampokea tu, ndivyo alivyolelewa, sasa chumvi ya nini? Lakini aliipokea. Akaniuliza na mimi Jumamosi nitapita? Nikamwambia nitapita, ila nitakuwa na haraka. Akasema haya.

Saba! Kwa kila mzee Zubeiri atapoteza muda wa kupika chungu cha maharage.

Alhamisi, 11 Julai.
Mazoezi ya kivuli cha upepo. Sikuwa na wa kumfuata, nikamfuata mpagazi mmoja, gurudumu langu kwenye visigino vyake. Baada ya hatua mia akatua mzigo, akaniuliza ninamdai nini. Nikamweleza habari za Ulaya. Akaniambia nitangulie.

Jioni nimechora bendera. Merikani dhiraa mbili, miraba kwa masizi ya chungu. Rukaya ndiye atakayeipeperusha. Amesema atampeperushia atakayefika kwanza, awe nani. Nimemwambia bila shaka, maana atakuwa mimi.

Jumamosi, 13 Julai.
Naandika nimelala kifudifudi. Mgongo hauwezi kuguswa.

Mwanzo ulikuwa mzuri. Nafasi ya mbele nilimwachia Zubeiri kwa makusudi, nikajibana nyuma yake kwenye kivuli cha upepo. Upepo kweli haukunipata. Vumbi lilinipata lote. Hii ni Julai, mvua hakuna tangu Mei, na Zubeiri ana magurudumu mapana. Nilitafuna mchanga mpaka kwa mzee wa kwanza.

Hapo mpango ukafanya kazi! Mzee aliinua mkono, Zubeiri akashika breki, akashuka, akaanza shikamoo. Mimi nikapita. Niliinamisha kichwa kwenye usukani, nikajifanya sioni. Mzee aliniita kwa jina. Sikuitika. Wa pili hivyo hivyo, wa tatu hivyo hivyo. Wote sita niliwapita kichwa chini, na nyuma simwoni Zubeiri hata vumbi lake. Nikaanza kupanga moyoni nitaning'iniza wapi shuka za rangi katika kibanda changu kipya.

Kisha mlima. Kwa mzee wa saba, Kahigi, nilipita nikihema. Yeye hata kuniita hakuniita. Katikati ya mlima mnyororo ukatoka. Nikaurudisha, ukatoka tena. Koo limekauka. Chini kwa Kahigi niliona watu wamekaa na mtungi wa maji, nikawapungia mkono. Waliniangalia. Baadaye nimesikia walichosema: yule ana haraka, tusimcheleweshe.

Kisha nikasikia nyimbo.

Zubeiri alikuwa anapanda mlima amekaa juu ya baiskeli, miguu imetulia, anatafuna buni. Nyuma yake vijana kumi na zaidi wanamsukuma mbio. Mbele yake wanawake wanapiga vigelegele. Nilikuwa nimesahau jambo ambalo kila mtu wa Karagwe analijua: mgeni aliyepokewa kama mkwe haondoki peke yake. Husindikizwa. Watu wa mji wa kwanza walimsukuma hadi wa pili, wa pili hadi wa tatu, na wa Kahigi wakasema hawawezi kumwacha njiani mtu aliyeletwa na miji sita. Kila alipopokewa alipewa maji. Kwa mzee wa tano walimpaka samli kwenye mnyororo.

Aliponifikia aliwaomba wasimame. Akaniuliza kama nimeumia. Nikasema nimepumzika tu. Akanipa buni mbili, wakaondoka naye. Hapo ndipo nilipoanguka kwenye mtaro, katika kujaribu kumfuata.

Rukaya alimpeperushia bendera. Wanasema alipeperusha kwa nguvu sana.

Jumapili, 14 Julai.
Zubeiri amekuja kuchukua baiskeli. Nimeifuta kwanza kwa kitambaa, mpaka kengele. Machozi yalinitoka, nikasingizia masizi.

Alikaa, akanywa kahawa, akaniuliza hali ya mgongo. Kisha akasema kibanda chake ni kirefu kuliko bidhaa zake, na upande wa kulia umekaa bure. Naweza kuuchukua. Sharti moja: nirudi njia ya Mabira kwa miguu, nimsalimu kila mzee niliyempita. Wamesikitika, alisema. Mzee Kahigi anadhani ana deni la chumvi nisilotaka alilipe.

Nilikuwa nafikiria jibu la heshima. Rukaya alikubali kwa niaba yangu na kuanza kufunga merikani.

Jumatano, 17 Julai.
Nimerudi jana usiku. Siku mbili nzima, wazee saba. Wote wamenipokea. Nimekula ndizi mara saba, nimejibu habari za mke, mgongo, biashara na baba yangu aliyekufa. Mzee Kahigi alinishika mkono akanisindikiza hadi juu ya mlima, mzee wa watu, akihema. Nilitaka kulia. Akasema sasa nimepita.

Leo nimeuza nikiwa mbele. Hakuna nzi. Rukaya anaimba.

Ila nimetazama vizuri. Upande wa kushoto, wa Zubeiri, ndio unaopata kivuli mchana, na wapagazi hupenda kutua kivulini. Nimerudia hesabu ya Jumamosi na kosa nimeliona: wazee saba walikuwa wachache. Nitaweka kumi na wanne. Chumvi nimeshaitenga, Rukaya hajui.

Baiskeli nitaazima kwa Zubeiri. Hawezi kukataa, ni muungwana.