Watu wa Kipande cha Sabuni

Kipaza sauti hakina adabu. Usipokizima, kinasema kila unachosema, na hakichagui.

Mgombea wetu alikisahau wazi. Alikuwa jukwaani, kanzu nyeupe, miwani ya jua, na mtu mmoja wa nyuma akauliza habari ya maji ya bomba. Mgombea akamwinamia meneja wake wa kampeni, ambaye ni kaka wa mkewe na mji mzima humwita Shemeji, akamnong'oneza: "Hawa wasikusumbue. Hawa ni watu wa kipande cha sabuni. Siku ya kura unampa kila mmoja chake, kwisha."

Mnong'ono ule ulitoka kwenye spika zote, ukafika mpaka buchani.

Vichwa vyote vikageukia jukwaa. Halafu bibi mmoja aliyekaa mstari wa mbele akauliza kwa sauti, tena kwa heshima zote: "Mheshimiwa, ya kufulia au ya kuogea?"

Basi tena. Watu walicheka mpaka wengine wakashikana mabega wasianguke. Kesho yake mji ukaamka na vipande vya sabuni shingoni, vimetobolewa na kutiwa kamba. Kinyozi aliandika mlangoni: "Ndevu kipande kimoja, kichwa viwili." Kwenye zahanati, nesi akatoa kichwa dirishani, akaita: "Kipande kinachofuata!" Na mgonjwa akainuka, akaingia.

Katika mji huo aliishi bwana mmoja aliyeitwa Bado Kidogo, kwa sababu hilo ndilo jibu alilompa kila mtu aliyemdai kitu chochote. Ulimi wake ulikuwa mtamu kuliko kazi yake, maana kazi hakuwa nayo. Mwezi uliopita alikuwa ameuza cherehani ya mkewe ili aingie katika biashara ya kuku wa kisasa. Kuku hao hakuna aliyewaona, hata yeye. Mkewe ni fundi wa nguo. Hakupiga kelele. Alifunga kanga zake, akaenda kwa shangazi yake, na mlangoni akasema neno moja: "Cherehani ikirudi, nami nitarudi."

Cherehani yenyewe ilikuwa kwenye duka la vitu vya zamani, imewekwa barazani, na Bado Kidogo kila akipita alitazama upande wa pili. Alimkumbuka mkewe, tusimsingizie. Alikumbuka hata ule mlio wa cherehani uliokuwa ukimkera alfajiri. Nyumba ilikuwa kimya mno.

Alipoona sabuni shingoni mwa watu, akasimama katikati ya barabara, akajipiga paji la uso. Nusu saa baadaye alikuwa ofisini kwa Shemeji, shati limechomekewa.

"Wewe nani?" Shemeji akauliza.

"Mtaalamu wa kutuliza umma."

Cheo hicho hakipo, lakini Shemeji siku hiyo alikuwa na homa ya kukihitaji. Akamwonyesha kiti.

"Jumamosi mheshimiwa anahutubia tena," akasema Bado Kidogo kwa sauti ya msibani. "Watu watakuja na sabuni shingoni. Wapiga picha nao watakuja. Sasa wewe niambie, gazeti la Jumapili litatoa picha ipi?"

"Tupige marufuku sabuni uwanjani!"

"Thubutu. Watakuja na ndoo."

Shemeji akajifuta jasho. "Sasa tufanyeje, ndugu yangu?" Angalieni alivyokuwa ndugu haraka hivyo.

"Inunuliwe. Yote. Mtu asiye na sabuni atavaa nini?"

Shemeji alitafakari, akaona ni hekima. Lakini naye hakuwa mjinga, au ndivyo alivyojiona. "Sikupi mzigo wa pesa ukatoroka nao. Nakupa kianzio tu. Jumamosi asubuhi leta sabuni, nitakulipa kwa kipande."

"Kwa kipande," akarudia Bado Kidogo taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi.

Kumbe Shemeji tangu azaliwe hajawahi kutumwa dukani. Ninyi mnaotumwa mnajua: sabuni ya kufulia huja mche mzima, mrefu, na muuzaji humkatia mtu kipande. Kipande ni cha ukubwa gani? Hapo hakuna sheria. Ni kisu cha muuzaji na uso wa mnunuzi.

Bado Kidogo alizunguka maduka yote akikusanya miche. Akajifungia chumbani, akatwaa waya mwembamba, akaanza kukata. Mwanzo alikata vipande vya haki. Kisha akakata vyembamba. Mwisho alikuwa anakata vipande ambavyo ukivinyanyua unaona dirisha kwa upande wa pili. Sakafu ikawa ya kuteleza, macho yakamwasha, na moyo wake ulikuwa ukiimba. Jumamosi jioni, aliwaza, ataipakia cherehani kwenye mkokoteni, aipitishe mtaa mzima mpaka kwa shangazi, watu waone.

Ijumaa mchana akasikia hodi. Mkewe.

"Karibu mke wangu! Karibu, ila usiteleze."

Mkewe akasimama kizingitini, akatazama ile milima ya sabuni. "Una nini safari hii?"

Na Bado Kidogo, ambaye mdomo wake haujawahi kukaa na siri mpaka ikapoa, akamwaga yote: Shemeji, kianzio, kipande. "Mtu asiye na sabuni atavaa nini?" akamalizia, akacheka peke yake.

"Mm," mkewe akasema. "Kumbe ndiyo maana. Shangazi ana makatoni ya sabuni stoo, anasema atampelekea Shemeji mwenyewe."

Bado Kidogo aliruka, akateleza, akaushika mlango. "Asithubutu! Mwambie nanunua mimi. Yote!"

"Shangazi hakopeshi. Na wewe anakujua."

Akafungua birika, mahali alipoficha kianzio kilichobaki, akampa mkewe pesa zote mkononi.

"Na cherehani yangu?" mkewe akauliza.

"Kesho. Naapa. Bado kidogo tu."

"Haya. Nimekuamini."

Bado Kidogo machozi yalimlengalenga. Hapo ndipo angetakiwa kushtuka, kwa sababu katika ndoa yao yote maneno hayo hayajawahi kusikika. Lakini hakushtuka. Makatoni yakaja, akaendelea kukata.

Jumamosi asubuhi alisukuma mkokoteni kuelekea ofisini kwa Shemeji, jasho linamtiririka na povu linamfuata. Njiani akaona jambo. Shingo za watu zilikuwa tupu. Hakuna sabuni hata moja. Badala yake kila mtu alikuwa na kitambaa mkononi, anajifuta macho. Muuza nyama, jitu la miraba minne, lilikuwa limeegemea nguzo likilia kwa kwikwi: "Tumekukosea, mheshimiwaaa!" Kisha likachungulia pembeni ya kitambaa, likacheka.

"Kuna msiba?" Bado Kidogo akauliza.

"Hukusikia redio jana asubuhi?"

Hakusikia. Redio yake ilishafuata njia ya cherehani.

"Mgombea alikuja kuomba radhi," muuza nyama akamweleza. "Akaomba vizuri tu, halafu mwisho akasema: 'Na kama bado kuna anayelia, akatafute kitambaa ajifute.' Sasa ndiyo tumetafuta."

Shemeji alimpokea nje ya ofisi, akautazama mkokoteni kama mtu aliyeletewa mzoga. "Sabuni? Sabuni ya nini tena? Nani ana habari na sabuni? Toa mlangoni kwangu!"

"Lakini tulikubaliana, kwa kipande..."

"Nimeshapata mtaalamu mwingine. Mama mmoja wa maana sana. Ameniambia vitambaa vinunuliwe vyote, mtu asiye na kitambaa atajifuta na nini? Yuko pale kwenye duka la vitu vya zamani. Namlipa kwa kitambaa."

Bado Kidogo akaugeuza mkokoteni. Hata kabla hajafika kona aliusikia ule mlio aliokuwa ameukosa.

Mkewe alikuwa barazani, amekaa kitini, cherehani ileile, mguu unapiga pedali. Kando yake gunia la mabaki ya nguo alizookota kwa mafundi wenzake. Foleni ya watu upande wa kulia wakinunua, na upande wa kushoto mtumishi wa Shemeji akinunua vilivyosalia. Vile vya upande wa kushoto vilikuwa vidogo kweli, vya kufuta jicho moja, tena la mtoto.

"Mke wangu," Bado Kidogo akasema. Safari hii hakuwa akiigiza. "Yale makatoni..."

"Si uliniahidi cherehani leo? Pesa yako ndiyo imeikomboa. Ahsante."

"Kwa hiyo unarudi nyumbani?"

"Nyumbani panateleza." Akakata uzi kwa meno, akamsukumia gunia kwa mguu. "Mabaki haya yamejaa vumbi, na mteja hawezi kujifuta macho na vumbi. Beseni lile pale. Sabuni unayo."

Watu wa foleni wakamtazama. Akakunja mikono ya shati, akachukua kipande, kikavunjika. Akachukua kingine. Akafua. Kutoka uwanjani spika zikaanza kukoroma, mgombea akasafisha koo, na mji mzima ukaangua kilio cha vitambaa.

Gunia la kwanza lilipokwisha, la pili likafika. Bado Kidogo akainua uso, vidole vimemkunjamana.

"Mke wangu, utanisamehe lini?"

Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye sindano.

"Bado kidogo," akasema.