Riwaya Iliyokosa Kulaaniwa

Jumatatu, 5 Machi 1979

Mchapishaji amenirudishia riwaya yangu. Anasema ni safi mno, haina moto. Safi! Mimi, karani mstaafu wa reli, naambiwa heshima haiuzi! Sawa. Sasa nitaandika ukweli mtupu. Mchungaji akiilaani kanisani, mtaa wetu mzima wa Kaloleni utaitafuta.

Jumatano, 7 Machi

Sura mpya tayari. Zedekiah, kiongozi wetu wa kwaya, yumo kwa jina lake na kofia yake. Katika kila matanga hulia kwa kishindo mpaka sufuria ya nyama ifunuliwe. Hapo machozi hukatika kama mfereji uliofungwa. Mke wangu Perez alisoma, akasema, "Baba Caleb, utapigwa." Nikamjibu kwamba kitabu kisichomkera mtu ni kalenda ya ukutani.

Ijumaa, 9 Machi

Nimewasomea waumini jioni. Nilisimama karibu na mlango, kwa tahadhari. Wakacheka! Mchungaji akaomba nirudie pale pa sufuria. Zedekiah akanikumbatia: "Mzee, umenitangaza!" Watu wa Makongeni wameshamwalika akawalilie kesho. Hakuna aliyekasirika. Fedheha!

Jumamosi, 10 Machi

Kosa nimeliona. Nilimwogopa aliye karibu. Nimeongeza ukurasa kuhusu ugali wa Perez: una madonge, nami nimeumeza miaka yote ya ndoa nikiusifu.

Jumapili, 11 Machi

Perez aliuona ukurasa mezani. Aliupeleka kanisani akawasomea akina mama baada ya ibada. Ghasia! Mama Wamalwa akaniita mshenzi aliyevaa tai. Mchungaji akanilaani kwa jina. Hatimaye! Zedekiah akaninong'oneza, "Mzee, kunisema mimi sawa, lakini mpishi?" Perez akatamka mara moja tu: niufute ukurasa huo, au nijipikie.

Jumatatu, 12 Machi

Sikuufuta. Perez amehamia kwa dada yake, mtaa wa Jericho, na sufuria, mwiko na jiko. Nimekula mkate mkavu, kichwa juu. Mchapishaji naye ameusoma ukurasa, akasema angependa kuuchapisha, ila mkewe yuko upande wa Perez. Mwoga!

Jioni Caleb, mwanangu, ameleta habari. Mama mkwe, ambaye kwa desturi yetu hajawahi kuonja chakula nyumbani kwangu, anasafiri kutoka Kisumu kuja kutupatanisha. Bibi wa watu, safari yote hiyo. Caleb ameniomba, kwa heshima zote, nitulize kalamu.

Nimenunua wino. Sura inayofuata ni ya mama mkwe.