Kasri Lisilo na Pipa la Taka

Jumatatu, 3 Juni
Ofisi ya mkoa imepiga simu. Kasri letu la Ostrolesí na lile la jirani, Jezvinec, yatakuwa chini ya mtunzaji mmoja. Ama mimi, ama Zdislava Hromádková wa Jezvinec. Atakayepunguza taka zaidi atachukua yote mawili. Mkaguzi anakuja wiki ijayo.

Zdislava! Mwanamke anayeosha vikopo vya mtindi na kupanda maua humo! Akishinda atanitoa kwenye nyumba yangu ya mnarani. Au ataniacha humo nimwite bosi, jambo ambalo ni baya zaidi.

Nimefikiri kidogo tu (nina akili kali). Taka hukaa wapi? Kwenye mapipa. Basi, ondoa mapipa! Nimeyafungia yote stoo. Bi Božka, anayetuuzia tiketi na kutufagilia, kauliza wageni watatupa wapi taka zao. Nikamwambia watarudi nazo kwao.

"Haya, Bwana Mtunzaji," kasema, kwa sauti ile ya kumbembeleza mtoto anayeota meno.

Jumatano, 5 Juni
Hakuna taka! Uani kweupe, ngazini kweupe! Nimempigia Zdislava ili tu nimsikie akiumia. Kanipa hongera. Hongera! Lazima anaumia sana.

Ijumaa, 7 Juni
Nyigu. Ukumbi wa silaha umejaa nyigu. Bi Božka kafunua kofia ya shujaa wetu wa chuma, yule anayesimama mlangoni na upanga. Ndani: vijiti vya aiskrimu, chupa, nusu soseji na haradali yake. Ndani ya mzinga wa kale wa vita: nepi. Nepi!

"Si ulisema watarudi nazo kwao?" Bi Božka kacheka mpaka akakaa juu ya mzinga. "Huyu wa chuma naye kwao ni wapi?"

Nimeumwa sikioni. Mapipa yamerudi. Moyo wangu haujarudi nyuma hata kidogo.

Jumapili, 9 Juni
Nimeipata! Sapatu!

Wageni wetu huvaa sapatu kubwa za sufu juu ya viatu, wasichubue sakafu za mbao. Zikitoboka tunazitupa, magunia kwa magunia. Na stoo tuna mapazia ya mahameli waliyotuachia watu wa filamu, hayana ukale wowote. Bi Božka ameshona sapatu mpya tangu asubuhi. Maridadi! Nyekundu!

Kisha vipande vya mishumaa ya harusi zinazofanyika hapa. Navyo tulikuwa tunavitupa. Nimeviyeyusha, nimesugua sakafu ya vyumba vyote vitatu vikubwa. Nta ikabaki. Nikapaka nyayo za sapatu, zidumu.

Bi Božka kakunja uso. Nta chini, nta juu, kasema. Nikamwambia ashone.

Jumanne, 11 Juni
 

Mkaguzi ni Daktari Štěpnička, suti ya kijivu, uso kama mlango uliofungwa. Zdislava kamfuata nyuma, ati amekuja kujifunza. Nikawavisha sapatu. Daktari akatia mguu Ukumbi wa Dansi akiniuliza habari za taka za karatasi. Swali akalianzia hapo, akalimalizia Chumba cha Muziki. Zdislava kamdaka koti amzuie, wakaenda wote. Nikakimbia kuwaokoa. Kosa! Tuliingia Chumba cha Kulia watatu kama treni, tukasimamishwa na zulia la ukutani.

Nikaanza kuaga mnara wangu moyoni.

Daktari akarekebisha miwani. "Tena," akasema.

"Safari hii mimi mbele," akaniambia Zdislava. "We Kudrna, sukuma!"

Mchana kutwa! Tumeteleza kwa kukaa, kwa kuchuchumaa, mgongo kwa mgongo. Bi Božka kafunga dirisha la tiketi akaja na ufagio, akiupiga kama kasia. Daktari alikuwa akipiga mayowe kama mwanafunzi aliyefunga shule. Kwa robo saa hivi nilisahau kabisa kumchukia Zdislava.

Kisha Daktari akajaribu kugeuka hewani. Alitua kwenye jiko la vigae la kupashia chumba joto. Kigae kimoja cha kale kikapasuka, kwa sauti ndogo ya adabu. Uso wake ukajifunga tena. Akavua sapatu, akaziweka sawasawa, akaondoka bila kuaga.

Alhamisi, 13 Juni
Zdislava kashinda. Kanipigia mwenyewe. Nta ikwanguliwe. Kigae kiungwe na fundi, kwa gharama ya mkoa. Sapatu nyekundu zisionekane tena, ila yeye anataka jozi moja. Mnara nibaki nao.

"Usininunie, bwana," kasema. "Sijacheka vile tangu niolewe. Lakini usiguse kitu! Wewe nakupa mboji tu. Mboji haipasuki."

Nilinuna mpaka nikamaliza kifungua kinywa. Kisha nikashuka kwenye handaki linalozunguka kasri, nikachomeka mkono katika rundo la mboji. Moto! Kama uji! Joto lote lile linapotea bure!

Na Zdislava anahamia huku vuli, chumba kile cha juu ya handaki, baridi kama kaburi. Bila kuni, bila umeme, bila taka! Nimeshapata bomba. Litapanda kutoka katikati ya rundo mpaka chini ya kitanda chake. Bi Božka kauliza, na harufu? Harufu gani? Joto halina harufu.

Sijamwambia Zdislava. Nataka ashtuke kwa furaha.