Willingly na Ng'ombe Sita wa Mahari

Jumatatu, 3 Septemba 1951
Keshokutwa namtafsiria Bwana Mifugo, Mzungu wa serikali, barazani hapa Samuye. Akipendezwa, nachukuliwa ukarani mjini. Kiti, meza, kalamu! Neno nimelipata kwenye kamusi ya misheni: willingly. Maana yake kukubali kwa moyo mkunjufu. Nimelirudia mbele ya kioo mpaka mama akauliza kama naumwa.

Jioni nimewahamishia ng'ombe wangu sita wa mahari ya mchumba wangu Scolastika zizini kwa jirani, mzee Mihayo. Kesho mifugo inahesabiwa, na mwenye wengi ataamriwa kupunguza. Mihayo hajui kusoma wala lolote.

Jumanne, 4 Septemba
Mimi nimeandikwa kwenye daftari la hesabu kwamba sina hata mmoja. Mihayo, ishirini na mmoja. Maskini.

Jumatano, 5 Septemba
Baraza. Bwana Mifugo aliuliza kama watu wanakubali kupunguza. Mihayo akasema kwa Kisukuma kwamba heri apunguzwe huyo Mzungu mwenyewe. Wazee wakaguna. Nikatafsiri: willingly, sir. Bwana alinishika mkono mbele ya watu wote! Akaagiza Mihayo alete sita mnadani kesho. Mihayo akaniuliza nimemwambia nini Mzungu. Nikamjibu kwamba nimesema yeye amekubali kutoa sita. Akanitazama weee, akasema haya. Washamba hawa, ukiwakazia macho wanalegea.

Alhamisi, 6 Septemba
Mihayo kaja mnadani anapiga mluzi. Kaleta sita. Wangu! Hata yule mwenye baka jeupe, aliyechaguliwa na baba yake Scolastika mwenyewe. Nikafungua mdomo. Nikakumbuka daftari. Nikisema ni wangu, ukarani kwaheri.

Bwana akataka nimuulize mzee kama anawatoa kwa hiari. Mihayo akajibu kwamba kwa furaha kabisa, na angekuwa na wengine wa namna hiyo angewaleta. Ikabidi nitafsiri. Willingly, sir. Pesa za mnada kapewa Mihayo, mwenye mali kwa mujibu wa daftari.

Jumapili, 9 Septemba
Baba yake Scolastika ameleta ujumbe: bila ng'ombe hakuna binti. Mzee hana subira.

Lakini Bwana ameniita tena, baraza la Bugarama. Safari hii nitatumia gladly. Kamusi inasema lina furaha zaidi.

Nasikia kesho wanaandikisha baiskeli, zitozwe kodi. Waandikishe za wajinga. Yangu nimeificha kwa Mihayo. Mzee yule hana akili ya kunifanyia vile mara mbili. Tena ameipokea kwa moyo mkunjufu.