Mtu wa Kumi wa Chumba Namba 14

Jumanne, 3 Septemba 2019

Sijawahi kumwambia mtu yeyote hili. Mwaka jana, nilipojiandikisha kwa somo la Jumamosi katika chuo cha hapa Sacramento, fomu iliuliza mimi ni Mwasia wa kabila gani. Sisi Wamien, watu wa milima ya Laos, hatukuwamo. Kulikuwa na mstari wa "wengineo, andika mwenyewe", lakini msichana nyuma yangu kwenye foleni alikuwa akichungulia. Nikaona haya. Nikatia alama kwenye Mthai. Mimi! Ambaye Thailand nimeiona kwenye kalenda ya duka la mchele tu!

Leo nimelipizwa. Chuo kimebandika tangazo: kuanzia muhula huu Waasia hawahesabiwi tena fungu moja, kila kabila na mstari wake. Kabila likifika wanafunzi kumi, idadi yake inaandikwa na linabaki na chumba chake cha kusomea. Lisipofika, linawekewa kinyota mahali pa idadi na chumba kinachukuliwa. Hesabu inafungwa Alhamisi ya tarehe 12.

Tuko saba. Nikijirekebisha mimi, wanane.

Chumba chetu ni namba 14. Kabla yetu kilikuwa stoo ya viti. Nilipokuwa na miaka minane dada yangu alikuwa akinipitia shuleni na kunikalisha humo, yeye akisomea uuguzi. Wali ukichemka pembeni, kioo cha dirisha kikitoa jasho, wakubwa wakigombania kitabu kimoja. Nilisoma kitabu changu cha kwanza kisicho na picha chini ya meza ile, nimeegemea miguu yao. Sijapata kusoma kwa raha namna ile tena.

Kisha dada akaacha masomo. Mwaka huohuo ripoti ya chuo ilisema Waasia wanafaulu vizuri sana. Dada alikuwa ndani ya hiyo "vizuri sana". Hakuna aliyempigia simu kumuuliza kwa nini kaacha. Sasa yuko Portland, anapanga masanduku ghalani. Husema akirudi kusoma atarudi chumba 14, kwingine hapana.

Kwa hiyo wawili. Natafuta watu wawili tu!

Jumatano, 4 Septemba

Nimejirekebisha. Nilirudia sentensi yangu mara kumi na moja nje ya mlango wa usajili. Bi Delgado, karani, alimaliza jambo lenyewe kabla sijafika katikati ya sentensi.

Tou Lor alikuwapo. Tunasoma darasa moja. Yeye ni Mhmong, kabila jingine la milima ileile ya Laos, na wao wako thelathini na mmoja, jambo analolitaja kama vile amewazaa yeye. Akanipa pole mbele za watu, akaniita kinyota chake, akasema nikikosa pa kukaa watanipa kigoda karibu na pipa la taka. Sikumjibu. Jibu kali sana nililipata bafuni, saa tatu baadaye.

Lakini bafuni humohumo nikapata na mpango. Bibi!

Ijumaa, 6 Septemba

Bibi amekataa. Alikuwa bustanini akipalilia majani ya haradali, hakuinua hata kichwa. Alisema shule ni ya wenye meno. Alisema kwao, milimani Laos, shule ilikuwa mwendo wa siku moja na nusu, na binti wa kwanza kazi yake ilikuwa maji. Nikamwambia kuna darasa la ufinyanzi, Jumanne na Alhamisi. Jembe likasimama. Akauliza udongo wenyewe wa wapi. Akauliza kama ni mwekundu.

Atakwenda, ila na jirani yetu, rafiki yake tangu kambi ya wakimbizi. Jirani alikubali kabla sijamaliza kueleza. Nilijaza fomu zao zote mbili kwa mwandiko wangu bora kabisa.

Kumi! Nina akili kupita kiasi. Nilipita karibu na Tou Lor nikitembea polepole.

Jumatatu, 9 Septemba

Tisa.

Bibi ni binti wa kwanza, kwa hiyo, kwa desturi yetu, anaitwa Meuy. Jirani ni binti wa kwanza, kwa hiyo naye ni Meuy. Ukoo wao mmoja, Saechao. Na kambini karani hakuwa na muda wa kuuliza mengi, akawaandikia wote wamezaliwa 1 Januari 1950. Kompyuta ya chuo imeona ni bibi mmoja kajiandikisha mara mbili. Imemfuta mmoja, jirani.

Bi Delgado anasema ni jambo dogo: nilete vitambulisho vyao viwili, atawatenganisha. Lakini hiyo ni foleni tena, na kueleza tena, na Tou Lor huenda akawapo. Mimi nina njia safi zaidi. Nitabadilisha tarehe ya Bibi kwenye akaunti yake, nikiwa nyumbani, bila kuongea na mtu, kisha nimwingize jirani upya.

Nilimuuliza Bibi alizaliwa lini hasa. Akasema mvua ilikuwa imekatika, mahindi yananing'inia juu ya moto, na mama yake aliuweka chini mtungi ndipo akamzaa. Nikapiga hesabu. 17 Oktoba. Nikamwambia. Aliirudia mara mbili, taratibu. Kisha akaniuliza kama naye sasa atakatiwa keki.

Alhamisi, 12 Septemba

Tarehe mpya ya Bibi haifanani na kitambulisho chake. Usajili wake umesimamishwa kwa wiki mbili, wachunguze. Jirani karudi, Bibi katoka. Saa kumi na moja jioni hesabu imefungwa. Tisa. Kinyota!

Bi Delgado aliniuliza, kwa upole uliouma, kwa nini sikuleta tu vile vitambulisho. Nilitazama kalamu zake.

Tou Lor alikuja kutusaidia kutoa meza. Nilingoja kejeli. Tukafika kwenye sufuria ya umeme ya wali. Hapo akasema chumbani kwao kuna rafu tupu, iwekwe huko, na wenyewe tuifuate. Nikasema asante. Ilitoka kama kikohozi.

Mwalimu wa ufinyanzi hajali kompyuta. Kiti ni kimoja, Bibi huenda Jumanne, jirani Alhamisi. Wanafinyanga mtungi mmoja, nusu ya huyu, nusu ya yule.

Jumamosi, 14 Septemba

Dada amepiga simu. Nilimweleza yote. Akauliza kama pazia la chumba 14 lilikuwa bado linanuka wali. Nikasema ndiyo.

Mwishoni akasema hesabu nyingine ni Februari, yeye atangoja. Akasema, mdogo wangu, safari hii peleka vitambulisho, basi, usibuni kitu. Nikamwahidi.

Nilipokata simu nilichukua fomu kumi na mbili, nikakaa jikoni. Wazee wetu karibu wote wameandikiwa 1 Januari, kompyuta itawachanganya tena. Kwa hiyo nilimpa kila mmoja tarehe yake, kwa wino mweusi. Nilianza na Mjomba San, aliyezaliwa 1951. Nilimwandikia 29 Februari, siku isiyopatikana kila mwaka, ili asifanane na mtu yeyote.